Ufunguo Mkononi, Injini Inanguruma

Mama Spana hakutulia tangu injini ya dizeli iliposhushwa uani. Trekta aliloachiwa na marehemu mumewe lilikunywa petroli kama mlevi aliyeona pombe ya bure, na mwanawe, fundi ambaye hata yeye mama yake alishazoea kumwita Spana, aliapa kwamba msimu huu litalima kwa dizeli.

"Fanya," mama alimwambia, "lakini ufunguo unakaa kwangu."

Akauficha kifuani. Miaka yote, likitokea la kutokea, ukizungusha ufunguo trekta linanyamaza papo hapo. Akiwa nao, roho ilimkaa mahali pake.

Siku nne alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Boliti zimekazwa? Huo mpira hauvuji?

"Mama, nenda basi hata kachemshe maji."

"Yamechemka mara tatu!"

Siku ya tano, asubuhi, mama akatia ufunguo mwenyewe, injini ikanguruma na kutema moshi mweusi. Kwenye kiti alikaa mjomba, kaka yake mama, dereva wa trekta hilo kwa miaka ishirini. Breki ya mkono ilikufa zamani, kwa hiyo alikuwa na mtindo wake: akisimama, anaiacha gia ndani, anakanyaga klachi ili injini isisukume magurudumu, ufunguo ukizungushwa tu anaachia mguu. Injini ikishazimika, gia ndiyo iliyolishika trekta lisiserereke. Akalizungusha uani, akasimama mbele ya banda la kuku.

Spana akaona radieta inadondosha maji. Akajipenyeza kati ya trekta na banda, akainama.

"Mjomba, lishike hapo hapo!"

"Mguu wenyewe wa kizee huu, unatetemeka. Dada, zima bwana!"

Mama, aliyekuwa amesimama ubavuni mwa usukani, akazungusha ufunguo, akauchomoa kabisa. Mjomba, kwa mazoea, akaachia klachi.

Injini haikuzima.

Dizeli haina habari na ufunguo wa zamani. Inazimika ikikatiwa mafuta. Spana alilijua hilo. Kila alipojaribu injini aliizima kwa kidole, akisukuma kijiti cha kukata mafuta kule kwenye pampu, maana waya wa kuzimia, ule anaouvuta dereva, alikuwa bado hajaufunga. Alijisemea ataufunga mwisho. Na hakumwambia mtu.

Trekta likaruka mbele. Mama aliuona mgongo wa mwanawe, kisha hakuuona tena. Mbao zikapasuka, kuku wakatawanyika.

"Zima! Zima, dada!"

"Nimezima! Ufunguo si huu hapa!" Alikuwa ameuinua juu.

Ndipo mjomba akakumbuka mguu wake, akaikanyaga klachi kwa nguvu zote.

Spana akatambaa kutoka chini ya mbao, shati limechanika, bega linachuruzika damu. Akachechemea hadi kwenye pampu, akasukuma kwa kidole. Kimya.

"Bahati banda lenyewe bovu," akasema, akijaribu kucheka.

Mama akamzaba kofi, kisha akamkumbatia mpaka akalalamika bega.

"Miezi mitatu nakwambia ulijenge upya banda hili. Ungenisikia, leo ningekuzika. Na mkono uliokuua ungekuwa wangu."

Siku hiyo trekta halikwenda shambani, ingawa mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya. Waya ulifungwa kutoka kwenye pampu hadi karibu na usukani, na mama akautia kitambaa chekundu kwenye ncha. Akauvuta mwenyewe, injini ikazima. Akamwita kaka yake avute. Mara tano.

"Dada, nimeelewa jamani."

"Vuta."

Basi wewe unayetoa injini ya petroli ukaweka ya dizeli, waya wa kuzimia usiuache mwisho. Ufunge kabla hujawasha hata mara moja, na umwonyeshe kila mtu wa nyumbani, hata yule unayemwona ana maswali mengi.

Trekta linalima sasa. Ufunguo bado uko kifuani mwa mama. Mlio ukibadilika kidogo huko shambani, mkono wake unaufuata wenyewe, halafu anakumbuka kuwa haumsaidii kitu. Anaacha sufuria motoni, anatoka mbio hadi ukingoni mwa shamba, anakaza macho mpaka akione kile kitambaa chekundu.