Mlango wa Moto

Tangu asubuhi Otilia hakuwa ameketi. Jioni feri ingemleta mama yake kutoka hospitali ya Puerto Montt, pamoja na dada yake Nelda, na Nelda alikwisha kutamka: akiikuta nyumba ya mama baridi, anamgeuza na kurudi naye mjini akaishi huko. Kisiwani Chiloé mvua haina likizo. Nyumba isiyo na jiko la kuni haikaliki, na jiko la mama lilikuwa limepasuka.

Ndipo Otilia akanunua jiko la mzee Eleuterio, la chuma kizito, mlango wake umechorwa maua, pasipo kulikagua. Angelikaguaje? Alikaribishwa jikoni, akapewa kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani, akanywa. Na huko kisiwani, mlango wa moto, ule wa jiko, hufunguliwa na mwenye nyumba tu. Mgeni akiugusa, ni sawa na kufunua sufuria za watu aone wanapika nini. Basi akasifu maua, akalipa, akaondoka na jiko. Adabu nyingine ni hasara tupu.

Sasa, jikoni kwa mama, alikuwa amelisugua kwa brashi ya waya mpaka kutu ikamjaa puani. Akaziba madirisha kwa blanketi, akatia tochi iwakayo ndani ya jiko, akafunga mlango. Ubavuni, chini ya rangi nyeusi iliyopakwa juzijuzi, mstari mwembamba wa mwanga ulipenya.

Mumewe Nolberto akaacha kumenya viazi, akainama kutazama. Akasema ufa si mkubwa, uzibwe kwa udongo, majivu na chumvi, kisha ukaushwe kwa moto mdogo, la sivyo udongo wote utabanduka.

"Mdogo mpaka lini? Mama yuko njiani."

"Ukiharakisha utampokea kwa moshi. Hebu keti, mke wangu, unanizungusha kichwa."

Hakuketi. Aliupaka udongo ufani kwa kidole, akapaka chuma mafuta ya nguruwe, akawasha vijiti vichache. Mkono ulimwasha kutia gogo. Akatoka nje, akarudi, akagusa chuma: vuguvugu. Alimchukia Eleuterio, akaichukia adabu, akajichukia mwenyewe. Aliogopa kumpoteza mama kwa ufa mwembamba kama unywele.

Wakaja. Nelda hakuuweka mkoba wa mama chini. Alivua glavu moja, akaligusa jiko.

"Hili ni la moto au la maonyesho?"

Mama aliketi na koti lake mwilini, anatetemeka kwa baridi. Uzi wa moshi ukachomoza ubavuni mwa jiko. Nelda akauona, akasema feri ya kurudi haijaondoka, ila kwanza atie kuni mama apate joto. Akashika kishikio cha mlango.

Mama akampiga kofi mkononi.

"Acha. Mgeni hafungui moto wa watu."

"Mgeni? Mama, mimi mwanao."

"Mwanangu, ndiyo. Kwako ni Puerto Montt."

Kisha mama akavua koti, akampa Otilia alitundike. Akainama kwa taabu, akafungua mlango mwenyewe, akatia kijiti kimoja, chembamba.

"Polepole," akasema. "Udongo bado mbichi. Nolberto, hivyo viazi vitaiva leo?"

Nelda akauweka mkoba chini. Ndipo Otilia alipoketi.