Kutota, Nafsi ya Tatu

Gladness, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja Mikindani kurekodi Kimgao, lahaja ya pwani iliyobaki kwa wazee wachache. Alielekezwa kwa Bi Somoe. Walikaa barazani, simu ikirekodi katikati yao, wakafika kwenye kitenzi kutota, yaani kuzama majini moja kwa moja.

"Asili yake nini, bibi?"

"Asili yake maji. Ulitaka itoke wapi, Dodoma?"

Uani, Rehana, mkwe wa Bi Somoe, alicheka kidogo huku akimenya mihogo. Mumewe Muzamil, mtoto pekee wa bibi huyo, alivuka Ruvuma kutokea Kitaya masika yaliyopita, mto ukiwa umejaa. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake wawili waliookoka walimwona akizama, mwili haukupatikana. Shehe wa mtaa aliwasikiliza, akasema Rehana aanze eda. Lakini kwa desturi ya mtaa ule, aliyechukuliwa na maji hawekewi matanga, wala mkewe hakai eda, mpaka mama yake atamke neno lenyewe barazani kwake, na Bi Somoe hakutaka kulitamka. Rehana akabaki si mke wala si mjane, na ndugu zake wa Nanyamba walizidi kumwita nyumbani.

Gladness hakuambiwa habari hizo.

"Tukisema mimi?"

"Nimetota."

"Wewe?"

"Umetota. Usinikodolee macho, mjukuu wangu, hili somo tu."

"Na yeye?"

Kisu cha Rehana kilisimama.

"Yeye hana," alisema Bi Somoe. "Hiki kina mimi na wewe, basi."

"Bibi nawe! Kila kitenzi kina yeye."

Bi Somoe aliitazama simu, kisha akageukia uani.

"Rehana, kwenu bado wanakuita?"

"Wananiita, mama."

"Nawe unakaa kwa ajili yangu."

Rehana aliweka kisu chini.

"Ametota," alisema Bi Somoe, kwa sauti ya kufika barabarani.

Ng'ambo ya njia, Bi Saumu alitupa ufagio akaangua kilio. Muda si muda wanawake walikuwa wanaingia na mikeka.

Gladness alisimama. "Jamani, ulikuwa mfano tu! Tulikuwa tunasoma!"

"Hebu kaa, binti," alisema Bi Saumu. "Unamfundisha mama wa mtu?"

Bi Somoe alisogea kuwapisha wenye mikeka.

"Kizime hicho chombo," alimwambia Gladness, "halafu nenda uani ukamalizie mihogo. Mwenzio ameingia eda."