Mama Yuko Kisiwani

Asubuhi hiyo Theodora alitega migono yake ya samaki upande wa matete, akanawa mikono, akauvuta mtumbwi juu ya matope ya kisiwani na kwenda kumtafuta mama yake. Alibeba perege wawili kwenye ndoo. Mama yake alikuwa amekufa tangu mvua za kwanza. Kwamba atamkuta, Theodora hakuwa na shaka. Shaka yake ilikuwa mguu.

Kisiwa chenyewe si cha kujivunia. Kipo katikati ya mbuga ya Wembere, ng'ambo ya Choma, na huwa kisiwa wakati wa mvua tu. Kiangazi ni kichuguu kikubwa kilichozungukwa na udongo mweusi uliopasuka. Ukiinjika maharage ndipo uanze kukizunguka, utarudi hayajaiva. Kusini kuna matete, kaskazini changarawe ambapo mamba huota jua, katikati migunga iliyopauka kwa mavi ya ndege. Hakuna mtu aliyewahi kuishi huko. Mbu wake, we acha tu.

Wanyama ndio wengi: tohe, kenge, mwari, nyangenyange, korongo. Baadhi ni wanyama tu, wamezaliwa hapo. Wengine ni akina bibi waliouawa kijijini Mwamhuli, na hao utawajua kwa majeraha. Yupo tohe jike aliyepasuliwa paji la uso, na bado anakula nyasi zake. Yupo kenge asiye na taya ya chini. Yupo mwari mwenye panga shingoni, panga lenyewe limekwama mpaka limeota kutu. Wavuvi wakipita huwaamkia. "Shikamoo, Mama Ngollo," humwambia mwari. Hajibu, lakini hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kununa.

Mwamhuli wana utaratibu wao. Yowe likipigwa, kila kaya itoe mtu na fimbo, na kila fimbo iguse. Walikubaliana hivyo ili polisi wakija asipatikane wa kusema mimi sikuwepo. Baada ya kazi, Revocatus, kamanda wa jeshi la jadi, hukagua fimbo moja moja, na fimbo iliyokutwa haina damu humrudia mwenyewe mgongoni. Theodora ni mjane hana mtoto. Mtu wa kutoka kwake ni yeye.

Ndama wa Revocatus walipokufa, mganga alisema ni uchawi, atafutwe mwenye macho mekundu. Bibi Kabula, mama yake Theodora, alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia tangu usichana, na kila mtu alilijua hilo, maana kila mtu alipikia mavi hayohayo. Lakini haya. Yowe lilipigwa mchana kweupe, watu wakiwa kwenye majaruba ya mpunga, na Theodora alikimbia na fimbo yake kabla hajajua yowe ni la nani.

Akamwona mama yake anamjia mbio, khanga mkononi, amewaacha wanaume wote nyuma, ajuza yule! Anakimbilia kwenye matete ya pembeni mwa majaruba. Theodora aliwaza harakaharaka. Fimbo lazima iguse. Kichwani hapana, mbavuni hapana. Akachagua mguu, akapiga kidogo tu, kwa huruma. Bibi Kabula akaanguka.

"Theodora, mwanangu," alisema, bila hasira, kama anayemwita aje kula.

Halafu wakafika. Walimpiga mpaka mpunga ukalala eneo la nyumba nzima na maji ya jaruba yakawa mekundu, vyura wakahama. Panga la Revocatus lilimaliza. Watu wa aina hiyo hawazikwi kijijini, kwa hiyo wakampeleka kisiwani kwa mtumbwi wa Theodora, ndio uliokuwa karibu.

Majirani walimfariji sana. Wewe ulimgusa tu, walimwambia. Naye alijiambia hivyohivyo akilala na akiamka: nilimgusa tu, mtu mzima yule, wangemfikia tu.

Asubuhi hiyo alimkuta korongo peke yake kwenye maji ya kina kifupi. Shingo ilikatwa nusu, imelalia upande, fuvu limebonyea, manyoya ya mgongo yamelowa damu isiyokauka. Alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja tumboni, kama wafanyavyo korongo wote.

"Shikamoo, mama."

Korongo akageuza jicho. Lilikuwa jekundu.

Theodora akakaa kwenye matope, akangoja. Jua likapanda. Mamba akatoka, akamtazama, akarudi zake. Theodora alitamani ndege aushushe ule mguu, na alitamani asiushushe kamwe. Mwishowe samaki akaruka majini, na korongo, kwa kujisahau, akaushusha. Mfupa ulikuwa umekatika kabisa, palepale fimbo yake ilipogusa. Akapiga hatua moja, akaanguka kifudifudi, mabawa yakipigapiga maji. Mabawa yote mawili yalikuwa mazima, na mguu mwingine mzima. Bila pigo lile angefika kwenye matete, na kwenye matete nani angempata?

Theodora akalia kwa sauti, akagaragara. "Nimekuua mimi, mama! Ni mimi!" Korongo akajiinua kwa bawa, akakunja mguu, akasubiri amalize. Kisha akanyoosha mdomo kuelekea kwenye ndoo. Theodora alimlisha perege mmoja mmoja, kichwa kwanza ili miba isimkwame. Wa kwanza alitokea kwenye jeraha la shingo, ikabidi amrudishie tena.

Aliporudi, Revocatus alikuwa ng'ambo ananawa miguu.

"Shikamoo, kamanda."

"Marahaba. Umemwona mama?"

"Nimemwona."

"Hajambo?"

"Hajambo. Mguu tu."

"Atazoea," alisema Revocatus kwa upole, akamsaidia kuvuta mtumbwi. "Ng'ombe wangu bado wanakufa, unajua. Sasa mganga anamtaja Bibi Holo. Kesho tunamfuata. Yule naye ana mbio, si mchezo. Wewe ukae upande wa matete, una shabaha nzuri ya miguu."

Theodora akaikung'uta ndoo, akaifudikiza juani ikauke.

"Saa ngapi?" akauliza.