Msimamo Wangu Kuhusu Doha

Sitaki kusifiwa. Asubuhi hii Mwalimu Zadock, anayetufundisha uhusiano wa kimataifa kwa Skype kutoka Nairobi, ameniandikia kwamba insha yangu imeshinda zote, na anataka niisome Ijumaa mbele ya wenzangu. Ati nimeeleza vizuri mno kwa nini taifa dogo hukimbilia upande wa taifa kubwa kabla hata halijaulizwa. Mashaallah! Laiti angejua.

Niliiandika Ramadhani hii ya 2017, wiki ile ile nchi hii ya Falme za Kiarabu ilipokata uhusiano na Qatar na ndege za Doha zikasimama. Mdogo wangu Khairunisa anafanya kazi hotelini huko Doha. Mama alikuwa anakuja kwangu Dubai kutoka Mombasa kwa ajili ya Idi, nasi tulishapanga Khairunisa aje pia. Tangu aondoke nyumbani, yeye na Mama hawajaonana.

Nikaenda Deira kwa Awadh, wakala wa safari na mizigo, mtu wa Lamu.

"Usihangaike, dada," akaniambia. "Mdogo wako ni Mkenya, si Mqatari; atapitia Muscat, Oman. Nipe jina lako tu niliandike kama mwenyeji wake."

Jina langu! Mimi nauza manukato Al Rigga, viza yangu iko mikononi mwa madam mwenye duka, na dukani siku hizo Doha ilitajwa kwa kunong'ona. Lakini madam hakunikataza kitu, wallahi. Hakuniuliza hata kama nina ndugu. Ni mimi niliyekaa na vitabu vyangu, nikapima nani ana nguvu na nani hana, nikajiona na mimi ni taifa. Awadh nilishamwambia nitarudi; sikurudi.

Kisha nikampigia Khairunisa. "Serikali imekataa. Khalas."

Akalia. Na mimi, bila haya, nikaanza kumsomesha nadharia! Nikamwambia nchi haina ndugu, ina maslahi yake tu.

"Sawa, dada," akasema. "Wewe ndiye msomi."

Mama akaja, nikamwambia hivyo hivyo, tukafunga siku zilizobaki pamoja. Idi pili tukaenda kwa Awadh kupeleka boksi la zawadi za nyumbani. Awadh akafurahi kumwona.

"Bimkubwa, Idi njema! Na yule binti wa Doha, mbona hamkunirudia? Ilikuwa kuandika jina tu, angekuwa hapa saa hizi."

Mama akanigeukia. Nikajifanya nasoma vibandiko vya maboksi. Heri angenitukana pale pale mbele ya watu. Akamwambia tu Awadh, "Tulighafilika, mwanangu," akaendelea kulifunga boksi lake kwa kamba.

Tukapanda treni ya metro kurudi. Tulipofika chumbani kwangu Karama, simu ya Mama ikalia, ni Khairunisa. Mama akaiweka sauti kubwa.

"Mama, kweli hapakuwa na njia? Kuna mwenzangu hapa, Mkenya vilevile, ameenda Sharjah, hapo jirani yenu, kwa nduguze. Amepitia Muscat."

Mamangu hasemi uwongo. Hata muuza samaki mlangoni alitukataza kumwambia kwamba tumeshanunua ilhali hatujanunua. Sasa alikuwa amenikazia macho, simu i mkononi.

"Hapakuwa na njia, mwanangu," akasema. "Nimekwenda kwa wakala mwenyewe, kwa miguu yangu. Serikali imekataa. Dadako amehangaika sana."

Aibu iliyonipata sijui niiweke wapi. Mama, mwenye mvi zake, anadanganya siku ya Idi kwa ajili yangu! Nilitaka kupiga kelele niseme ukweli.

Akaninyooshea simu. "Haya, mpe mdogo wako mkono wa Idi."

Nikaipokea.

"Idi njema, dada," Khairunisa akasema. "Na ahsante kwa kunihangaikia."

Mama alikuwa ananitazama, anangoja.

"Usijali," nikasema.