Rada ya Bandia

Karakanani kwetu tunapima ruta, vile visanduku vya kusambaza Wi-Fi, kabla hazijaingia dukani. Masafa mengine ya redio ruta huyaazima tu. Mwenyewe ni rada ya hali ya hewa. Ruta ikisikia rada, inyamaze papo hapo, ihame, na huko inakohamia huenda ikatakiwa itege sikio dakika nzima kabla ya kusema neno. Mashine ya kuipima inauzwa bei ya nyumba, na bosi wetu ni mkono wa birika. Basi dada yangu akatengeneza rada ya bandia kwa redio inayoendeshwa na kompyuta, ndogo kama kipande cha sabuni. Hodari, huyo. Ila kwa mumewe mdomo wake ulikuwa na kufuli.

Shemeji ni fundi wa rada ya kweli, ng'ambo. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na mchana ule ndio ulikuwa mwisho wa kujibu kama anauongeza. Dada alimtamani mpaka akawa analala na shati lake. Lakini kumwambia rudi? Thubutu! Alitaka mwanamume ajiongeze mwenyewe.

Simu ya video ikaita. Dada akaiacha rada yake ikipiga mapigo mezani, akakimbilia pembeni.

"Niambie, mke wangu. Nisaini, nisisaini?"

"Nimechoka kukukumbuka," Dada akasema. "Rudi nyumbani. Hata kesho."

Nusura nipige vigelegele. Kumbe kwenye simu picha ilikuwa imeganda. Nikageukia meza: redio ya Dada bado ilikuwa na antena aliyoifunga asubuhi, wakati mawimbi ya kupimia yanapaswa kupita kwenye waya tu. Ruta ya ukutani, iliyokuwa inabeba simu ile, ilikuwa imesikia rada, ikatii: ikanyamaza.

"Dada, antena!"

Akaing'oa. Tukabaki tunaitazama taa ya ruta. Ikishaanza kusikiliza haiharakishwi, hata uipige teke.

Picha ikarudi. Shemeji alikuwa anatabasamu kwa kujilazimisha.

"Nimekuuliza tena na tena, unanitazama tu. Nikasema ndiyo kawaida yako, ukitaka kitu husemi, usipotaka husemi. Nimesaini. Nimeshatuma."

"Nilisema rudi," Dada akasema. "Nilisema, mume wangu. Mtandao ulikatika. Nakwambia tena, rudi."

Shemeji hakujibu. Nikaitazama ruta. Taa ilikuwa inawaka vizuri, na safari hii mtandao ulikuwa mzima.