Mwizi wa Ua la Kivulini

Jirani yangu alikata mti wake, balaa likahamia kwangu. Mti ni wake, sibishi, lakini kivuli chake kilikuwa kinaangukia upande wangu wa ukuta, na hapo ndipo lilipoota ua la marehemu mume wangu. Alilitoa msituni enzi za uchumba, mzizi mmoja umefungwa kwenye gazeti, akanikabidhi kama dhahabu. Kila mwaka linanyauka lote hadi udhani limekufa, kisha mvua zikianza linachomoza tena. Jua ndilo halilitaki kabisa.

Wiki haikuisha, majani yakaanza kuungua pembeni. Nikalisimamishia mwavuli. Binti yangu akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa.

"Ndiyo," nikamjibu, "na mrithi wangu ni wewe."

Nilitania, lakini moyo ulikuwa juu juu. Likifa hili, nabaki na nini cha mume wangu? Nikaona bora lirudi kwao. Nikaling'oa na udongo wake, nikalitia kwenye ndoo, nikafunika kwa kitambaa kibichi, mimi huyo msituni.

Nilikuwa nimeshapiga magoti chini ya miti mikubwa, koleo mkononi, niliposikia, "Wewe mama! Hapo hapo!"

Askari wa msitu. Akatazama ndoo, akatazama koleo, akanitazama mimi.

"Unaiba."

"Naiba nini, afande? Nalirudisha! Limetoka kwangu nyumbani."

"Mama, tangu nianze kazi hii sijaona mtu anayeleta. Watu wanachukua." Akainua ndoo. "Na kama kweli ni la nyumbani, haliruhusiwi kupandwa humu. Twende ofisini. Hiki ni kielelezo."

Ofisi yao naijua, kibanda cha bati pale getini, jua linapiga asubuhi hadi jioni.

"Kielelezo kinakaa mpaka lini?"

"Mpaka mkubwa arudi safari."

"Anarudi lini?"

"Tutajua akirudi."

Majani yalikuwa yameshalala ukingoni mwa ndoo, na yeye anaining'iniza tu kama ndoo ya pumba.

"Na nikikiri kwamba nimeiba?"

"Hapo ni rahisi. Unalirudisha ulipoling'oa, mbele yangu. Halafu unapigwa picha, inabandikwa getini, na humu hukanyagi tena maisha."

"Maisha?"

"Maisha, mama."

Nilikuwa nimeshapanga kuja mara kwa mara, nikae karibu nalo, nimpe mzee wangu marehemu habari za nyumbani. Nikaitazama ndoo tena.

"Nimeiba, afande."

"Si ungesema mapema! Uling'oa wapi?"

Nikamwonyesha penye kivuli kizito kuliko kote. Nikachimba, yeye amesimama juu yangu ananisimamia.

"Shindilia vizuri, usije ukaliua. Mwaga na maji kidogo."

"Sawa, mwanangu."

"Mwizi mzoefu wewe, unajua hadi kupanda."

Nikaligusa jani moja, nikainuka. Alinitanguliza mbele, nisipate hata kugeuka. Getini akanisimamisha ukutani, akatoa simu, akaitazama, akaishusha.

"Futa machozi, mama. Sura lazima ionekane."

Nikajifuta kwa mkono uliojaa udongo, nikatazama mbele, akapiga.