Mchaichai wa Daraja la Tiba

Utasema natia chumvi, lakini kaa hapo usikie. Kuna dada alishindwa kumshawishi shangazi yake kwamba maneno ya kwenye chupa ni uongo, na maneno yale aliyatunga yeye mwenyewe. Kwa kichwa chake, mchana kweupe, huku anatafuna kifuniko cha kalamu.

Kazini walimwita Pua. Si kwamba ilikuwa kubwa, ilikuwa pua ya kawaida tu, ila ilijua mambo. Kazi yake ilikuwa kuchovya kijikaratasi kwenye mafuta ya mimea, kunusa, kukiweka dirishani, kunusa tena baada ya saa moja, halafu tena kesho yake asubuhi. Mafuta ya kweli yanabadilika. Mwanzo yanakupiga puani, baadaye yanalainika, kesho yake unayasikia kwa mbali, kama mtu aliyepita chumbani akaenda zake. Yale ya kutengenezwa maabara hayana mwendo huo. Yanaanza hivyo na yanaisha hivyo, kama redio iliyokwama.

Kiwanda chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha mbele kilikuwa na kapeti na ua la plastiki, cha pili kilijaa chupa, na cha tatu ndicho cha kuchanganyia. Mwenye mali waliyemwita Tajiri alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti hata akikufukuza kazi. Utaratibu wake ulikuwa jagi moja la mafuta ya kweli ya mchaichai kwa majagi tisa ya mafuta ya kupikia, ya alizeti. Pua alijua. Kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa anakoroga. Alijua akanyamaza, akajiambia alizeti haijawahi kumuua mtu.

Siku moja Tajiri akasema chupa zinahitaji neno zito, neno la kumfanya mteja aone aibu kuuliza maswali. Pua akarusha tu, kwa utani: "Andika Daraja la Tiba." Hakuna ofisi inayotoa daraja hilo, hakuna mtihani wake, hakuna mtu aliyewahi kulifeli. Wiki haikuisha lebo zikaja kutoka kwa mchapishaji, zimenakshiwa dhahabu, zina kajani pembeni. Lebo ya mtu mkweli ingekwambia jina la kitaalamu la mmea, sehemu iliyotumika, ulikotoka, na lini ulikamuliwa. Ile ilikuwa na dhahabu tu, na maneno "asilimia mia moja".

Sasa shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Fundi cherehani, mdomo mkali, mkono mwepesi wa kutoa, na kisukari cha miaka kumi. Alijikwaa kwenye chuma cha cherehani, kidole gumba cha mguu kikachanika. Muuguzi wa zahanati akamwambia aende kusafishwa kila baada ya siku mbili. Akaenda mara nne, akaacha. Pua alipomtembelea Jumapili alikuta chupa tatu tupu zimepangwa kabatini na ya nne iko mezani, lebo ya dhahabu inamtazama. Mguu ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la mteja.

Shangazi akamweleza kwa furaha kwamba mama wa nyumba ya pili ndiye aliyemletea, na kwamba alimnyima Pua habari za mguu makusudi ili amshangaze ukishapona. Kidonda, alisema, kilikuwa kinapona. Hakimuumi tena hata akikibonyeza.

Pua alijua kidonda cha mwenye kisukari kisichouma ndicho cha kuogopwa. Akamwambia arudi zahanati kesho, shangazi akacheka, akasema wale wanajua kukata tu. Akamwambia mafuta yale ni ya kupikia, shangazi akamuuliza tangu lini chakula kikanukia hivyo. Ndipo Pua akapata wazo lake, na ningekuwa pale ningemshika mkono.

Akachukua karatasi nyeupe ambayo shangazi huchorea mikato ya nguo, akadondosha matone mawili. Akaeleza vizuri kabisa: mafuta ya mmea yakiwa safi hukauka yote yakaenda hewani. Yakiwa yamechanganywa na ya kupikia, karatasi inabaki na doa la mafuta, kama iliyofungia maandazi.

"Likibaki doa?" shangazi akauliza.

"Likibaki doa tunaondoka wote kesho asubuhi kwenda zahanati, na chupa hii naitupa."

"Na lisipobaki?"

Pua hata hakufikiri. Alikoroga mwenyewe, atashindwaje? "Lisipobaki, sitasema neno tena."

Wakasubiri saa nzima. Shangazi alishona kola ya shati la shule, anaimba chini chini. Pua alikuwa anakodolea karatasi kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Doa likapungua. Likawa kama ukucha, likawa kama punje. Halafu likaisha. Karatasi ikabaki nyeupe pee.

Shangazi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku. "Profesa wa karatasi," akasema, "lete nyingine au hii imetosha?"

Pua akaikwapua, akanusa. Na hapo ndipo alipopigwa na butwaa, kwa sababu pua ilimwambia kitu ambacho ilipaswa kumwambia tangu alipoingia, ila yeye alikuwa amejaa uhakika hakuisikiliza. Mchaichai ule haukuwa na mwendo. Umesimama palepale ulipoanza, baada ya saa nzima. Haikuwa alizeti tena, ni harufu ya maabara iliyozimuliwa kwa dawa inayokauka.

Akaanza kueleza hilo. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia taratibu kwamba wazo la karatasi lilikuwa la Pua, masharti yalikuwa ya Pua, na sasa ameshindwa anabadilisha mchezo.

Basi Pua akatoa la mwisho. "Shangazi, hayo maneno hapo kwenye chupa nimeyatunga mimi. Daraja la Tiba. Hakuna kitu kama hicho, nilikuwa natania."

Shangazi akaichukua chupa, akaisoma upya, kidole kinafuata herufi. Machozi yakamlengalenga. "Ni wewe umeandika hivi?" Akaipangusa kwa upindo wa kanga. "Basi ndiyo nayaamini zaidi. Mtoto niliyemlea mimi hawezi kuandika uongo kwenye dawa ya watu."

Kesho yake Pua alimkabili Tajiri. Chumba cha kuchanganyia kilikuwa kimefungwa kufuli tangu mwezi uliopita, tangu yeye ahamishiwe kwenye lebo, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Tajiri hakukataa lolote. Akamweleza, kwa upole wake uleule, kwamba watu siku hizi wana simu, wameshajua mambo ya karatasi, kwa hiyo ilibidi mafuta nayo yajue mambo ya karatasi. Pua akamwomba ampigie shangazi, amwambie mafuta hayatibu kidonda. Tajiri akasema hawezi kumsemesha mteja vibaya kuhusu kitu anachokipenda.

Jioni Pua akarudi kwa shangazi, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga siku tatu. Kila siku cherehani ilinyamaza akigonga, ikaendelea akiondoka. Alimfuata muuguzi, muuguzi akaja, naye akagonga mpaka akachoka.

Siku ya nne mlango ulikuwa wazi. Pua alisimama kizingitini asiweze kuingia. Chumba kizima kilikuwa mchaichai, mpaka kwenye mapazia, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na ya nyama iliyooza. Shangazi alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa, anamuuliza kwa nini amesimama mlangoni kama mgeni.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti siku hiyohiyo.

Alipozinduka hakulia. Akawa anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba kosa lake lilikuwa kuchelewa, angeanza mafuta siku ileile aliyojikwaa asingefika huku. Siku mbili baadaye wakaja kubadilisha kitambaa cha jeraha, akawazuia kwa mikono yote miwili. Hawafungui mpaka aletewe mchaichai wake, matone machache tu kwanza, ndipo wafanye yao. Daktari akamvuta Pua pembeni. Yakiingia mafuta yale kwenye jeraha bichi, litachafuka. Lisipofunguliwa leo, litachafuka vilevile, na safari hii ni paja. Wanaweza kumshika kwa nguvu, lakini moyo wake baada ya ile homa hana hakika nao.

Na chupa ilikuwepo. Tajiri alisikia habari, akampa Pua mpya kabisa, bure, pamoja na pole zake. Pua alikuwa amepanga kuitupa nje ya geti, akajikuta ameingia nayo mpaka wodini. Aliwahi kufikiri aimwage aijaze maji safi, lakini shangazi naye ana pua, na maji hayanukii kitu.

Shangazi ameiona mkononi mwake. Anatabasamu, ameshaachia kitambaa, amenyoosha kile kipande cha mguu. "Fungua, mwanangu," anasema. "Wewe ndiye ninayekuamini."

Muuguzi anasubiri na mkasi wake, daktari anatazama saa, na Pua ana chupa. Niambie kweli, wewe ungefanya nini?